Mapitio: Liquid ya UTT kwa mwanachuo anayeishi kwa bumu

Wakuu, kila bumu (hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo) likisoma maswali hosteli ni yale yale, hela niweke wapi izae bila mimi kuhangaika na bila kuliwa. Wa kozi za biashara atakwambia hisa, jamaa wa chumba cha pili anauza laini na anakwambia biashara ndo mpango mzima, na kuna yule ambaye kila wiki ana linki mpya ya kukutumia. Mimi naandika kuhusu kitu ninachokitumia mwenyewe tangu mwaka wa kwanza, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu na kuziwekeza kwa pamoja, mfuko ambao karibu kila mtu anauita Liquid. Sijalipwa na mtu na sina asilimia yoyote ukijiunga.

Nianze na hesabu maana hapo ndo wengi wanakata tamaa, na bora ukate tamaa mapema. Miaka ya karibuni faida ya Liquid imekuwa ikicheza maeneo ya asilimia 12 kwa mwaka, inapanda kidogo inashuka kidogo. Sasa weka laki moja. Asilimia 12 ya laki ni elfu 12 kwa mwaka, gawanya kwa miezi 12 unapata buku. Buku moja kwa mwezi! Haifiki hata chipsi kavu. Ukitaka mfuko ukupe laki kila mwezi bila kugusa mtaji unatakiwa uwe na kama milioni kumi mle ndani, na mwanachuo mwenye milioni kumi zimelala sidhani kama anasoma mapitio kama haya. Kwahiyo mtu akikwambia utalipa kodi ya geto kwa hela inayojizalisha yenyewe ukiwa na mtaji wa laki mbili, muulize tu hiyo hesabu kaifanyia wapi.

Sasa kwanini bado naisifia? Kwasababu tatizo letu kubwa sio kwamba hela haizai, tatizo ni kwamba haikai. Hela ya chakula na malazi ya bodi ni elfu 10 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23 (kabla ya hapo ilikuwa 8,500), na ikiingia ya siku 60 kwa mkupuo kwa mtu anayepata yote ni laki sita mkononi, halafu wiki ya kwanza hosteli nzima inanukia kuku, wiki ya tatu watu wanaulizana nani ana unga. Ninachofanya mimi likiingia tu natoa hela ya mwezi wa kwanza, ile ya mwezi wa pili naitupia Liquid siku hiyo hiyo kabla sijapita mtaa wa maduka ya simu. Ikikaa mwezi inaongezeka kama elfu tatu kwa laki tatu, sawa, ni ya vocha, ila cha msingi laki tatu yenyewe naikuta.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho watu wanakihesabu kama kasoro, mimi nakihesabu kama sifa yake kuu. Ukiomba kutoa hela Liquid haiji hapo hapo, inachukua mpaka siku tatu za kazi. Za kazi, sio siku tatu za kalenda, Jumamosi na Jumapili hazimo na sikukuu haimo. Ukiomba Ijumaa jioni na Jumatatu ni Iddi, jiandae kula kwa mkopo. Lakini hizo siku tatu ndo zinazoua ile hamu ya saa nne usiku mtu katuma picha ya viatu kwenye grupu, unaanza kupiga menyu unakumbuka hela inakuja Jumatano, unalala zako. Hela ikiwa kwenye laini ya simu hakuna kinachokuzuia, ni namba ya siri tu na imeondoka.

Jinsi inavyofanya kazi kwa wasiojua: unanunua vipande, yaani visehemu vya mfuko. Kila siku ya kazi UTT wanatangaza bei ya kipande, hela yako inagawanywa kwa bei ya siku hiyo unapata vipande vyako na vipointi vyake nyuma. Idadi ya vipande haiongezeki yenyewe, kinachopanda ni bei. Mfuko ulianza 2013 kipande kikiwa shilingi 100 na kilishavuka 300 siku nyingi. Hii nasisitiza kwasababu nimeshaona mtu kaweka hela, mwisho wa mwezi anasubiri meseji ya muamala kama mshahara, haioni, anaanza kusema kaibiwa. Hujaibiwa ndugu yangu, faida imo humo humo kwenye bei, ukitaka kuila unauza vipande kiasi. Wanaotaka hela idondoke benki kila mwezi wana mfuko mwingine wa Hatifungani ulioanza 2019, kujiunga ni elfu 50 tu ila huo mpango wa kulipwa kila mwezi unaanzia milioni 10, kwahiyo tuwaachie wastaafu.

Kujiunga Liquid kiwango cha kuanzia ni laki moja, kuongeza ni kuanzia elfu kumi. Hiyo laki ya kuanzia ndo ukuta kwa wengi, hasa wasio na mkopo wa bodi. Namba ya NIDA, akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la NIDA (hapa kuwa makini, kama benki unaitwa Juma A. na kitambulisho kinasema vingine nenda karekebishe kwanza), halafu unaweza kufanya kwa apu yao au kwa simu ya batani kwa *150*82# na ukalipia kwa mtandao wa simu. Wa Dar ambao wanapenda kuona ofisi kwa macho makao makuu ni Sukari House pale mjini, Sokoine na Ohio. Hakuna makato ya kuingia wala ya kutoka kwenye Liquid, tofauti na mfuko wao mwingine wa Umoja ambao ukijitoa unaacha asilimia 1. Ila angalia makato ya laini yako mwenyewe, kutuma elfu kumi kumi kila siku mbili ni kujikata mwenyewe, bora ukusanye utume mara moja.

Usalama sasa, maana swali la hosteli lilikuwa hela izae bila kuliwa. UTT AMIS ni ya serikali, iko chini ya Wizara ya Fedha, na inasimamiwa na CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hela ya Liquid inaenda kwenye hatifungani na dhamana za serikali (yaani kuikopesha serikali kwa riba) na amana za muda maalum kwenye mabenki, na mali za mfuko zinatunzwa na benki iliyopewa kazi hiyo, hazikai kwenye droo ya meneja. Ila tusidanganyane, hakuna aliyekuahidi asilimia 12. Riba za hatifungani zikishuka nayo inashuka. Na kitu ambacho sioni watu wakikisema, ile Bima ya Amana inayokulinda benki ikifilisika, ambayo tangu 2023 ni mpaka milioni 7.5, inahusu akaunti za benki, vipande sio akaunti ya benki. Kwangu mimi hiyo hatari ni ndogo kwasababu mle ndani mkopaji mkubwa ni serikali yenyewe, lakini ukiambiwa haina hatari kabisa ujue umeongea na muuzaji.

Linganisha na zile linki. Mwenzangu wa chumba mwaka jana aliingia kwenye kitu flani cha grupu la WhatsApp, unaweka elfu 50, kazi yako kuangalia vivideo na kubonyeza nyota, unalipwa elfu mbili kwa siku. Akanionyesha skrinshoti ya malipo na kweli hela iliingia, siku za mwanzo zinaingia kweli, huo ndo mtego. Nikachukua kalamu, elfu mbili kwa elfu 50 ni asilimia 4 kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Serikali ya Tanzania ikikopa kwa miaka 20 ilikuwa inalipa kama asilimia 15 kwa MWAKA. Sasa kuna mtu kajificha nyuma ya namba ya nje ya nchi ana hela za kukulipa zaidi ya serikali kwa kuangalia trela? Akanijibu "we kaa na buku yako". Haya. Grupu likafungwa usiku mmoja, admini katoka, na waliokuwa wameingizwa kupitia huyo mwenzangu wakaanza kumtafuta yeye, wakiwemo binamu zake wawili.

Na sio mambo mapya. Wazazi wetu wana DECI, ule upatu wa kupanda mbegu, serikali ikaisimamisha 2009 na watu wengi tu makanisani walikuwa wameshapanda. Sisi tuna LBL, upatu wa mtandaoni, mwanzoni mwa 2025 polisi wakakamata watu mikoa kadhaa. Jina linabadilika, mfumo ni ule ule, hela ya aliyeingia leo inamlipa wa jana. Mtihani wangu ni mfupi tu: hiyo faida inatoka kwenye kazi gani, na nani kawapa leseni. Sio cheti cha BRELA, wale wa kusajili biashara, kusajili kampuni BRELA anaweza hata muuza karanga, nataka kibali cha CMSA cha kukusanya hela za watu kuwekeza, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao, dakika mbili tu. Na kama malipo yako yanategemea uniletee mtu mwingine, kwaheri.

Kasoro za Liquid kwa upande wa mwanachuo zipo. Hiyo laki ya kuanzia nimeshaisema, mimi ningeomba waishushe. Pili haifai kabisa kuwa mfuko wako wa dharura wote, ukiumwa usiku hizo siku tatu za kazi hazitakusikiliza, kwahiyo acha kitu kwenye laini au benki, mimi naacha hela ya wiki mbili. Tatu ni ya taratibu mno kama una mtaji mdogo na una muda, kuna jamaa wa darasani kwetu anachukua mayai trei kumi anauza hosteli, kwa wiki anapata kuliko Liquid inavyonipa mwaka mzima kwa hela ile ile. Lakini yeye anaamka saa kumi na moja na mayai yanapasuka, hiyo ni kazi sio hela inayozaa umelala, na mitihani ikikaribia biashara inasimama wakati vipande havijui kama kuna mitihani.

Kama huna laki, Faida Fund ya Watumishi Housing inaanzia elfu kumi na nayo ina kibali cha CMSA, sijaitumia kwahiyo sitaisifia wala kuiponda. Ukiwa na milioni unaweza kununua mwenyewe hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu (BoT), unapitia benki au dalali, kiwango cha chini ni hicho, ila hapo hela unaifunga miaka na kwa mwanachuo sioni maana, labda umeachiwa urithi. Hisa za pale DSE, Soko la Hisa la Dar, nazo zinalipa gawio, lakini bei inashuka na kupanda, na hela ya ada haitakiwi kupanda na kushuka.

Kitu cha muhimu kuliko vyote sijakisema. Usiweke hela ya kukopa. Kuna watu wanachukua mkopo kwenye zile apu za mikopo, zile zinazopigia simu mpaka mchungaji wako ukichelewa, riba yake kwa mwezi inakula faida ya Liquid ya mwaka mzima na chenji haibaki. Kama una deni la aina hiyo, kulilipa ndo uwekezaji wako wa kwanza, hakuna mfuko nchi hii unaolipa asilimia hizo.

Nyota zangu ni nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa ile laki ya kuanzia. Mwenye swali la kujaza fomu aniulize, ila PIN yako usinitumie mimi wala mtu mwingine yeyote, hata akijiita wakala wa UTT.