Nilikataliwa mara ya kwanza: uzoefu wangu wa kutoa damu Mkunguni, Lamu

Tone la damu yangu lilikataa kuzama. Muuguzi alinitoboa kidole, akalidondosha kwenye kichupa cha dawa ya buluu, tukaliangalia wote wawili. Likashuka kidogo, likasita, halafu likapanda juu kama limekumbuka kitu.

"Shangazi, damu yako nyepesi leo. Hatuwezi kukutoa."

Nilikuwa nimepanga foleni saa nzima pale Mkunguni, mbele ya Ngome. Viti vya wale wakusanyaji damu, waliokuja na boksi zao za barafu, vilipangwa juani, na kivuli cha mikungu kilikuwa kimekaliwa na wazee ambao hakuna wa kuwahamisha. Nikainuka na pamba kidoleni nikiona haya kama mtoto aliyefeli mtihani mbele ya mji mzima. Na mji mzima wa Amu, yaani Lamu, kama mnavyojua, hushinda hapo hapo.

Kilichonipeleka ni wifi yangu. Alijifungua hospitali moja huko bara, mtoto akatoka salama, yeye akawa haachi kutokwa na damu. Daktari akataka painti mbili. Kwenye friji ilikuwamo moja. Mume wake akashika simu, na kabla ya saa nne usiku vijana wanane walikuwa wamesimama mlangoni na mikono wameshakunja. Hapo ndipo nilipojifunza nisilolijua: damu haitoki kwenye mkono wa mtu ikaingia kwa mwingine papo hapo. Hupimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Wale vijana wanane, kwa usiku ule, hawakuwa na faida kwake. Painti ya pili ililetwa kwa gari alfajiri kutoka kwingine.

Alipona, alhamdulillahi. Mimi nilikaa kando ya kitanda nikiusoma ule mfuko uliokuwa ukining'inia: kundi la damu, tarehe, nambari. Jina hakuna. Mtu fulani alikuwa ameitoa siku nyingi nyuma, hamjui wifi wala hajui kama kuna mtu anaitwa mimi.

Sasa turudi kwenye huduma yenyewe, kwa sababu najua mwataka kusikia ikoje.

Masharti si mengi. Uwe na miaka 16 hadi 65, uzito usipungue kilo 50, uwe mzima siku hiyo, na himoglobini, yaani kile kinachoipa damu wekundu wake, ifike gramu 12.5 kwa desilita. Mwenye mimba na anayenyonyesha hawatoi. Mimi kilo ninazo, na za ziada. Kilichonipungukia ni madini ya chuma, na muuguzi hakuishia kunifukuza tu. Aliniuliza nakula nini. Nikamtajia. Akauliza, "Na chai?" Mwanamke wa Amu anaulizwa chai! Nanywa asubuhi na mahamri, nanywa adhuhuri juu ya wali, nanywa magharibi. Kumbe chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua chuma kilichomo. Akanishauri ningoje kama saa moja baada ya kula, nizidishe kunde, mchicha na ini, na nikamulie ndimu juu yake kwa sababu ndimu husaidia kile chuma kuingia mwilini. Zahanati wakanipa na vidonge. Ini sikupata shida nalo. Ile saa moja bila chai ndiyo iliyoniuma.

Walipopiga kambi tena nilirudi. Safari hii tone likazama moja kwa moja mpaka chini, na mimi nikasema "haya!" kwa sauti, watu wakageuka.

Mie nashona kofia, sindano nashinda nayo na vidole vyangu vimetoboka toka usichana, hata hivyo ile yao ni nene, nisiwadanganye. Yauma pale inapoingia, kama siafu, kisha yanyamaza. Wakanipa kijipira nikifinye na kuachia, mfuko uko chini kwenye kimzani unabembea taratibu. Damu ya mtu mwenyewe ni nzito kuliko nilivyodhani, na bombani hupita na joto; nililihisi juu ya ngozi. Dakika kumi hazikufika. Wanachukua mililita 450, yaani chupa moja na nusu ya soda ndogo, na mtu mzima ana kama lita tano. Nilikaa robo saa, nikapewa soda (ya moto, lakini soda) na biskuti, nikatembea kwa miguu mpaka Langoni. Kizunguzungu sikukiona. Dada aliyetoa kabla yangu alikiona, maana alikuja bila kula. Kuleni, na maji mnywe ya kutosha.

Malalamiko yangu ni mawili. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na mara ya kwanza maswali ya faragha, ya mume na ya siku za mwezi, niliulizwa huku anayenifuata kwenye foleni akinipumulia kisogoni. Niliwaambia, na mara ya pili nikakuta pazia. La pili, waliahidi kunitumia ujumbe wa majibu na kundi langu. Haukuja mpaka nikaenda mwenyewe kuuliza. Wakiyarekebisha hayo, akina mama watajaa.

Kuna wanaosema, "Mimi nilishatoa mwaka juzi." Nami niliuliza: chembe nyekundu hukaa kwenye friji kama siku 35, basi. Iliyotolewa leo haiwezi kungoja Maulidi ya mwakani. Ndiyo sababu wale watu wa boksi za barafu hawachoki kurudi, na ndiyo sababu friji ya wifi yangu ilikuwa na mfuko mmoja.

Mfuko wangu nao ulibandikwa nambari. Nilijaribu kuishika kichwani nikasahau nilipofika nyumbani.

Mwanamke hungoja miezi minne kabla ya kutoa tena, mwanamume mitatu. Kwa hesabu hiyo mume wangu angenipita mbali. Ni nahodha, usiku wa kaskazi anauvuka mlango wa bahari bila kupepesa. Nimemwambia tutakwenda pamoja kambi ijayo. Ameniuliza kama ile sindano ni ndefu.