Kununua nyumba ya bei nafuu Ngara au Pangani: bei, makaratasi na yanayosumbua baadaye

Miradi ya nyumba za bei nafuu Nairobi imekuwa mingi, lakini kwa mtu ambaye kibarua chake kiko katikati ya jiji, miwili ndiyo ya kuangalia kwanza: Park Road pale Ngara na ule wa Pangani. Ngara ni kuvuka Mto Nairobi tu na uko mjini. Pangani iko mbele kidogo, mguuni mwa barabara ya Thika. Kwa mahali, hakuna cha kulalamikia. Anayetoka Ruai au Kitengela akitumia, tuseme, Sh200 kwa siku kwenye matatu, siku 24 za kazi ni Sh4,800 kila mwezi, na pesa hiyo ihesabiwe kama sehemu ya malipo ya nyumba. Bei nayo ni nzuri ukilinganisha na soko. Yanayofaa kuchunguzwa kwa makini ni mambo ambayo tangazo haliyataji: nani mwenye ardhi, ada ya kila mwezi ya kuendesha jengo, na hati utakayoshika mwishoni.

Tuanze na mwenye ardhi, maana hapo ndipo miradi hii inapotofautiana. Park Road, yenye nyumba 1,370, ni ya serikali kuu, na ndiyo iliyofungua mpango wote wa nyumba za bei nafuu. Pangani ni ya Kaunti ya Nairobi, ilipokuwa mitaa ya zamani ya baraza la jiji. Kaunti haikuwa na pesa za kujenga, kwa hiyo ilitoa ardhi, na kampuni binafsi ikatafuta mtaji na kujenga. Kampuni inarudishiwa pesa zake kwa nyumba: kati ya 1,562, nyumba 952 zilitengwa kuwa za bei nafuu, na 610 ziuzwe kwa bei ya soko.

Mgawo huo si wizi, ingawa wengi mtaani wanausema hivyo. Ni malipo ya mkopo ambao kaunti haikuuchukua. Ila una matokeo mawili kwa mnunuzi. La kwanza, kasi ya ujenzi inafuata mauzo ya zile 610. Zikidoda, pesa zinapungua kwenye saiti, na nyumba yako ya bei nafuu inasubiri pamoja nazo. La pili, neno “Pangani” kwenye tangazo halikuambii unauziwa upande gani. Wakala anayekuonyesha fleti na kukutajia bei ya juu kuliko ile iliyotangazwa na kaunti huenda hakudanganyi, anauza ya soko. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, uliza nyumba hiyo iko kwenye orodha gani, na jibu liandikwe kwenye barua ya kukugawia.

Walionufaika zaidi Pangani, kwa hesabu ya moja kwa moja, ni wapangaji wa zamani. Familia 48 zilizokuwa zikiishi hapo zilipewa kipaumbele cha kununua, na kila moja ikapewa Sh600,000 za kupanga kwingine kwa miaka miwili. Hiyo ni Sh25,000 kwa mwezi, ambayo kwa Eastlands ni kodi ya heshima kabisa. Tatizo ni ile “miaka miwili”. Ujenzi ulianza 2020 na ukapita miezi 24, na pesa iliyohesabiwa kwa kalenda haingoji mkandarasi. Kwa wakazi wa mitaa mingine ambayo kaunti imeiweka kwenye mpango huu, kama Jeevanjee, Ziwani, Bahati, Maringo, Jericho na Woodley, hilo ndilo la kupigania kwenye mkataba: kodi ya muda ilipwe hadi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Ikiandikwa miezi, miezi itaisha.

Hapo hapo kuna jambo ambalo familia nyingi huligundua kuchelewa. Orodha ya wapangaji hutolewa kwenye daftari la kodi la kaunti. Nyumba hizi za zamani zimerithiwa na kupangishwa upya mara nyingi, na jina lililo kwenye daftari linaweza kuwa la babu aliyefariki zamani, huku anayeishi humo akimlipa kodi binamu fulani. Mpangaji wa mpangaji hatambuliwi. Kama jina ni la marehemu, anzeni mambo ya urithi mapema na mkabadilishe jina kabla hesabu ya wakazi haijafanywa. Siku ya kuhesabiwa, makaratasi ndiyo yanayosema.

Sasa bei. Pangani zilitangazwa kwa Sh1 milioni chumba kimoja cha kulala, Sh2.5 milioni vyumba viwili, na Sh3 milioni vitatu. Chukua hiyo ya milioni tatu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ilianza na amana ya asilimia 10, yaani Sh300,000, na inabaki Sh2.7 milioni. Kwa riba ya asilimia 6 kwa miaka 25, unalipa takriban Sh17,400 kwa mwezi. Ukiipeleka benki ya kawaida, tuseme kwa asilimia 15 na miaka 20, unalipa zaidi ya Sh35,500. Nyumba ni ile ile, kuta zile zile, lakini malipo yameongezeka maradufu. Kwa hiyo anayejisifu kwamba amepata nyumba ya milioni tatu hajakwambia kitu mpaka akutajie riba. Kama mradi hautoi mpango wa kulipa kama kodi mpaka nyumba iwe yako, ulizia SACCO au benki inayopata fedha kupitia Kampuni ya KMRC, ambayo iliundwa kuwapa wakopeshaji pesa za muda mrefu ili riba ya mikopo ya nyumba ibaki ndani ya tarakimu moja.

Kuna unafuu mwingine ambao wanunuzi husahau kuudai. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani Sh120,000 kwa nyumba ya milioni tatu, na anayenunua nyumba yake ya kwanza kwenye mpango huu amesamehewa. Wakili akikuwekea kipengee hicho kwenye bili, mrudishie.

Na hapana, ile asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara si amana yako. Anayepata Sh40,000 anakatwa Sh600, mwajiri anaongeza Sh600 nyingine, na zote zinaingia mfuko wa kujenga nyumba. Hazina jina lako. Unaweza kukatwa miaka kumi na usipate nyumba, na unaweza kupata nyumba bila kuwahi kuwa na mwajiri. Wanaofika na hati za mshahara wakitaka makato yahesabiwe hurudi mikono mitupu. Amana ni akiba unayoiweka mwenyewe kwenye akaunti yako ya Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba hizi, kidogo kidogo kwa M-Pesa ukipenda.

Boma Yangu yenyewe, kama tovuti, ni rahisi kuliko inavyosemwa. Unajisajili kwa kitambulisho na nambari ya simu, unaweka PIN ya KRA, kipato, na jina la ndugu wa karibu, kisha unachagua mradi na aina ya nyumba. Yanayokwamisha ni madogo na hujirudia. Jina kwenye kitambulisho halilingani na la KRA, labda kwa sababu ya jina la ndoa au herufi moja iliyokosewa, na mfumo unakukataa bila maelezo ya maana. Rekebisha KRA kwanza. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na ujumbe wa kukugawia nyumba unaenda huko. Kipato nacho kinaamua unaingia fungu gani: chini ya Sh20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, Sh20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, juu ya hapo ni za tabaka la kati. Wafanyabiashara wengi huandika kipato cha mwezi mzuri, kisha wanashangaa kuwekwa kwenye fungu lenye bei ya juu. Andika wastani wa mwaka.

Tukirudi kwenye fleti zenyewe. Kipimo ambacho mpango huu ulianza nacho kilikuwa mita 40 za mraba kwa vyumba viwili na 60 kwa vitatu. Mita 60 ukitoa sebule, jiko, bafu na korido, kila chumba cha kulala kinabaki kidogo. Piga hesabu na fanicha uliyo nayo. Kwenye chumba cha mita 2.7 kwa 2.7, kabati la sentimita 60 linakuachia mita 2.1. Kitanda cha 5 kwa 6 kikisimama kulielekea kabati hilo kinakula mita 1.83, na nafasi ya kufungulia mlango wa kabati inabaki sentimita 27. Hautafunguka. Kitanda kigeuzwe au kabati liwe la mlango wa kuteleza. Nenda na futi siku ya kuonyeshwa nyumba, usiende na simu ya kupiga picha tu.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, mwaga ndoo ya maji bafuni na usimame uangalie. Maji yakikusanyika pembeni au kutiririka kuelekea mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu, sakafu imewekwa mteremko mbaya, na dawa yake ni kung'oa vigae. Gonga vigae kwa sarafu. Vinavyolia kama debe tupu havina saruji chini na vitapasuka. Fungua bomba zote kwa pamoja, kisha vuta choo, uone kama shinikizo linabaki, hasa ukiwa ghorofa za juu. Angalia mita ya umeme ni ya nyumba yako kweli: weka tokeni ndogo, zima swichi kuu iliyo kwenye mita hiyo, uone ni nyumba gani iliyozimika. Mita kuchanganywa kati ya majirani hutokea zaidi ya mtu anavyodhani, na ukishamlipia mwenzako miezi sita hakurudishii. Kasoro zote ziandikwe, mkandarasi atie sahihi na tarehe, maana ana kipindi maalum cha kurekebisha bila malipo na kikipita anakuwa mtu wa kupigiwa simu asishike. Na uliza nguo zinaanikwa wapi. Inaonekana swali la kichekesho hadi uone veranda zilizojaa blanketi zinazodondosha maji ghorofa kumi kwenda chini.

Ada ya huduma ndiyo itakayoamua kama jengo litapendeza baada ya miaka mitano. Hesabu ya mfano: jengo la nyumba 120 lenye walinzi wanne kwa Sh25,000 kila mmoja, wasafishaji watatu kwa 18,000, umeme wa lifti, pampu na ngazi 60,000, mkataba wa lifti 30,000, taka 24,000, na akiba ya matengenezo makubwa 60,000. Jumla ni Sh328,000, au takriban Sh2,730 kwa kila nyumba. Nyumba 30 zikiacha kulipa, waliobaki wanadaiwa Sh3,640, na kwa kawaida kamati haipandishi ada. Inakata akiba. Mwaka wa kwanza hakuna anayeona tofauti. Kisha pampu inaungua, pesa ya kununua nyingine haipo, na watu wa ghorofa ya tisa wanabeba mitungi kwenye ngazi, kwa sababu lifti nayo iliachwa bila huduma tangu mwaka jana. Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi si ada ni ngapi, bali wangapi wamelipa mwezi uliopita, na akiba iko kwenye akaunti ya nani. Ada ya chini kupita kiasi ni dalili mbaya.

Hati inatolewa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020. Kila mwenye nyumba anapata hati yake ya sehemu, na wote kwa pamoja wanaunda shirika linalosimamia ngazi, paa, maegesho na kiwanja kwa niaba yao. Ardhi ikiwa ya kukodishwa, lazima muda uliobaki usipungue miaka 21. Soma idadi ya miaka iliyobaki, kwani benki itaisoma. Hati hizi huchelewa, kwa sababu haziwezi kutoka kabla ardhi kuu haijapimwa na mipango ya sehemu kusajiliwa, na kwenye ardhi ya kaunti hatua hizo hupitia meza nyingi. Mkataba usiotaja nani anagharamia upimaji na usajili utakuletea bili usiyoitarajia.

Jina la ndugu wa karibu ulilojaza kwenye tovuti si wosia. Ukifariki, nyumba inaingia kwenye sheria ya urithi kama mali nyingine.

Anayetaka kununua ili auze baada ya mwaka atafute kwingine. Sheria ya 2024 inakataza kuuza nyumba hizi bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, na mtu mmoja anaruhusiwa moja tu. “Mkataba wa pembeni” unaoandikwa kwa wakili wa mtaani, ambapo mgawiwa anapokea pesa na jina linabaki lake, hauna nguvu mbele ya bodi: anayelipa anaishi kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mwenye jina akibadili nia au akifa, aliyelipa hana cha kushika zaidi ya risiti.