Nimerudia kupiga udi, ile ala ya nyuzi, baada ya miaka 21, uzoefu wangu na hii niliyonunua Mombasa

Udi niliacha nikiwa na miaka 20 nilipoanza kazi, sai nina 41. Nilifunzwa na ami yangu hapa Lamu, barazani kwake Langoni, na udi yenyewe ilikuwa yake, kwa hivo kurudi ilibidi ninunue. Mwezi wa nne nikachukua ya mwanafunzi dukani Mombasa, nyuzi 11, yaani jozi tano na besi moja peke yake, shilingi 38,000 na mfuko wake. Ikaja na basi mpaka Mokowe halafu boti, nimeipakata njia nzima.

Sauti mashallah, besi imejaa. Kilichonikera ni vigingi vya kukazia nyuzi, havishiki! Wazituni nyuzi alasiri, magharibi zote zishashuka. Muuzaji akasema ni hewa ya bahari, na kweli unyevu wa huku hutesa mbao, lakini hivi vilichongwa vibaya tu, kigingi na tundu lake havikaani. Nikampelekea fundi wa kuchonga milango akavisawazisha, akavipaka chaki na sabuni kavu, chaki kishike, sabuni kizunguke bila kukwama, na tangu siku hiyo imetulia. Nyuzi nazo nikabadilisha zote, zile za kuzungushiwa waya zilikuwa zimefifia, sauti butu.

Sasa kupiga. Mkono wa risha, kile cha kukwanyulia nyuzi, ulikumbuka siku ya kwanza, wallahi machozi yalinilenga. Wa kushoto ndio uliosahau, manake udi haina vyuma shingoni kama gita, kidole lazima kijue chenyewe pa kukaa. Katika makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, Hijazi nilipata mapema. Bayati ndo kazi, ile sauti yake ya pili iko katikati ya sauti mbili za piano, kwenye piano huipati, sikio lajua kabisa ni wapi lakini kidole chapita juu kila mara. Nikawa naweka rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, nafuata kipande kimoja usiku mzima mpaka watoto wakakijua. Wiki ya sita ikakaa. Nikampigia ami simu nikampigia kipande, akanyamaza, kisha akanambia rudia, nikarudia mara tatu.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, ila ningezungusha kila kigingi mwenyewe kabla ya kulipa na ningetenga pesa ya nyuzi mpya kando.