Mji Mkongwe au Lamu: uwapeleke wapi watoto?

Miji yote miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, Lamu tangu 2001.

Kufika, Zanzibar ni rahisi zaidi: boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Ukienda Lamu kwa ndege unatua kisiwa cha Manda, halafu unavuka kwa boti. Watoto hufurahi, mwenye mtoto mchanga na mizigo huchoka.

Vichochoroni naipa Lamu ushindi bila kusita. Magari karibu hakuna, punda ndio wachukuzi, na mtoto hutembea bila kushikwa mkono kila hatua. Mji Mkongwe pikipiki huibuka ghafla konani. (Kigari cha mtoto kiache nyumbani, beba mbeleko.)

Kwa vya kuona, Zanzibar imejaa: Ngome Kongwe, kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, vyakula vya Forodhani jioni. Lilipokuwa soko la watumwa, Mkunazini, wapeleke wakubwa tu, nanyi mzungumze kwanza. Lamu ina ngome na makumbusho, kisha ufuo wa Shela.

Wenye maswali mengi watashiba Zanzibar. Wadogo wanaotaka kukimbia, Lamu.