Bunduki ya boliti ya kuwindia: ipi ununue ukiwa Lubumbashi

Mtu akiniuliza anunue bunduki gani, mimi humuuliza kwanza risasi atazitoa wapi. Wengi hawana jibu. Wameiona picha kwenye simu, wamependa mbao zake, wamehesabu madola, lakini hawajaingia dukani hata mara moja kuuliza kaliba ipi, yaani saizi ipi ya risasi, iko kwenye rafu na kama itakuwepo mwakani. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali.

La pili ni karatasi. Silaha nchini kwetu Kongo zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, uwindaji una yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kibali cha kumiliki silaha ni kitu kimoja, kibali cha kuwinda ni kingine, na cha kwanza hakikupi cha pili. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda, uwe na kibali usiwe nacho. Muuzaji akikwambia, "Papa, beba tu leo, karatasi tutapanga," mwachie bunduki yake. Namba iliyochongwa kwenye mtambo, yaani mwili wa chuma unaobeba boliti, ilingane na ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, na uisome kwa macho yako kabla pesa haijatoka mfukoni. Ndugu wa Goma na Bukavu, hali ya huko mnaijua kuliko mimi: haya yasomeni kama maarifa, si wakati wa kuonekana na bunduki mkononi.

Sasa kaliba, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Katika msitu wetu wa miombo mnyama anaonekana karibu, mara nyingi chini ya mita mia, isipokuwa ukimkuta kwenye dembo, lile bonde la nyasi lililo wazi. Kwa nsya (yule paa mdogo), pongo na ngiri, 7x57 ya mwaka 1892 inatosha kabisa na haipigi teke kali. 7x64, aliyoitengeneza Wilhelm Brenneke mwaka 1917, ina mbio zaidi. Kaliba hii ilipendwa sana Ufaransa kwa sababu kwa miaka mingi sheria ya kule iliwanyima raia kaliba za jeshi, kwa hiyo ukikutana nayo kwenye bunduki ya zamani iliyoachwa na Mfaransa, usishangae. .30-06 ya mwaka 1906 na .308 ya mwaka 1952 zinafanya kazi ileile. Mwenye kutaka bunduki moja tu kuanzia pongo hadi pofu, mimi namwelekeza kwenye 9,3x62: Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani Afrika, kichwa cha kawaida cha risasi yake kina gramu 18,5, na inaingia kwenye mtambo wa Mauser wa kawaida bila kuuchonga. .375 H&H ya mwaka 1912 ni ya nyati. Kama hujawahi kulipia kibali cha nyati, teke lake litakufundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na hiyo ni tabia ngumu kuiacha.

Tuje kwenye orodha yangu.

Nambari moja ni Mauser 98 ya kiraia iliyotengenezwa na FN, ikiwa katika hali nzuri. Kiwanda hicho kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, kusudi kilitengenezee jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser, kwa hiyo kazi hii wameanza nayo. Baada ya vita vya pili walitengeneza mitambo ya kuwindia ambayo viwanda vingine pia vilinunua na kuivika mitutu yao. Sababu ya kuiweka juu si mapenzi ya vitu vya kale. Mauser ina kucha ndefu ya chuma kando ya boliti (ile fimbo ya kufungia chumba cha risasi, unayoivuta kwa mkono), na kucha hiyo inalishika ganda mara tu linapotoka kwenye magazini, na hailiachi hadi linapotupwa nje. Ukikoki kwa haraka, ukiwa umeinama, umelala ubavu, au umeishia katikati ukarudia, risasi haianguki wala hazigongani mbili mdomoni mwa mtutu. Vumbi la kiangazi halisumbui sana. Na fundi chuma mzuri anaifungua yote mezani akaielewa.

Lakini ya zamani inataka ukaguzi. Tafuta herufi E, L na G ndani ya alama yenye umbo la yai: ndiyo alama ya nyumba ya majaribio ya Liège. Toa boliti, elekeza mtutu kwenye mwanga, utazame mifereji ya ndani. Ikiwa na vishimo kama ngozi ya ndui, achana nayo. Kagua ukingo wa mdomo wa mtutu, maana hapo ndipo usahihi unapotokea au kupotea. Mwombe muuzaji afungue skrubu uone chuma kilichofichwa chini ya mbao. Usikubali akuambie ni usumbufu. Hasa kama ni bunduki ya Browning iliyotengenezwa na FN mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970: baadhi ya mbao zake zilikaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo inakila chuma kimyakimya kutokea chini, juu bado panang'aa. Kisha fundi apime chumba cha risasi kwa vipimo vya chuma, si kwa kukisia.

Kuna onyo moja siwezi kuliruka. Mauser nyingi za zamani zimeandikwa 8x57. Zipo za aina mbili: J, yenye kichwa cha milimita 8,1 hivi, na JS, yenye 8,2. Risasi ya JS kwenye mtutu mwembamba wa J inapandisha shinikizo hadi mahali ambapo uso wako haupaswi kuwa karibu. Kama maandishi hayasomeki, mtutu upimwe kwanza. Usijaribu.

Nambari mbili: CZ 550 kutoka Uherský Brod, au kaka yake mkubwa Brno ZKK. Ni wajukuu wa Mauser, kucha ni ileile, na darubini inafungwa moja kwa moja juu ya reli iliyochongwa kwenye mtambo. Ni nzito, lakini uzito huo unakunywa teke. CZ waliacha kuitengeneza. CZ 600 iliyoifuata ilitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 kiwanda chenyewe kiliwataka wenye bunduki hizo waache kuzitumia hadi zirekebishwe. Ukiuziwa 600 ya mkono wa pili, dai ushahidi kwamba ilirekebishwa.

Nambari tatu: Tikka T3x ya Ufini, iliyochukua nafasi ya T3 mwaka 2016. Kama unataka mpya, yenye kitako cha plastiki, inayopiga vizuri tangu siku ya kwanza bila fundi kuigusa, chukua hii. Boliti inainuka nyuzi 70 tu na inateleza kuliko zote nilizotaja. Kinachoniudhi ni magazini yake ya plastiki: ikipotea au ikikanyagwa porini, umebaki na bunduki ya risasi moja moja, na ya kubadilisha si kitu cha kukipata karibu. Nunua ya pili siku hiyohiyo.

Howa 1500 ya Japani ni nambari nne. Chuma kizuri, bei nafuu, haina maringo. Wengine wanaiuza kwa jina la Weatherby Vanguard.

Remington 700 naiweka mwisho, na najua kuna watakaonuna. Ilitoka mwaka 1962, hakuna bunduki yenye vipuri vingi vya kubadilisha kuliko hiyo, na inapiga kwa usahihi. Lakini vipuri hivyo viko Marekani, si hapa mtaani Katuba, na kilimi chake cha kutoa ganda ni kidogo kuliko kucha la Mauser. Isitoshe, mwezi wa Aprili 2014 kampuni iliziita zirudi bunduki zenye kifyatulio cha XMP kilichotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe. Hapa kwetu, nani atairudisha?

Na kuna kitu nisichokiweka kwenye orodha kabisa: Mauser ya jeshi iliyokatwa mtutu kwa msumeno, ikasuguliwa alama zote na kupakwa rangi nyeusi. Alama zikisuguliwa, maana yake kuna mtu hataki zisomwe.

Kuhusu kuirekebisha ikufae, anza mahali ambapo mwili wako unaigusa. Vitako vingi vya zamani ni vifupi au virefu kwa mwenye kununua. Fundi seremala anaweza kuongeza mpira mzito nyuma au kupunguza mbao, na gharama ni ndogo kuliko sanduku la risasi. Pili, mahali chuma kinapokalia mbao. Mvua ikianza Novemba, mbao hunywa unyevu na kuvimba, mtutu unasukumwa pembeni, na bunduki iliyopiga katikati mwezi wa Agosti inapiga kiganja kizima kando. Dawa yake ni kulaza mtambo kwenye gundi ya epoksi na kuchonga mfereji wa mbao hadi karatasi ipite chini ya mtutu bila kukwama. Mafundi wazuri waliojifunzia kazi kwenye karakana za kampuni ya madini ya Gécamines wanaielewa mara moja ukiwaeleza, ila sisitiza wapake nta ya kuzuia kushika kwenye chuma kwanza, la sivyo utakuwa na bunduki isiyofunguka tena.

Darubini, tumia pesa karibu sawa na ya bunduki. Ya kukuza mara 1-6 au 3-9 inatosha miombo. Hizi za 5-25 ni za watu wanaopiga karatasi. Kwenye Mauser ya zamani, mkono wa boliti huenda ukagonga darubini na kizuizi cha usalama kisiweze kugeuka, kwa hiyo mkono upindwe na kizuizi kibadilishwe kabla ya kutoboa matundu ya skrubu. Na usiiondoe nundu ya chuma ya kulengea iliyo juu ya mtutu. Kioo kikipata ukungu, utaihitaji.

Kifyatulio kisilegezwe chini ya kilo moja na nusu kwenye bunduki ya porini, hata rafiki yako akisema chake kinafyatuka kwa pumzi. Mtutu mpya ni habari nyingine: ukibadilisha kaliba, maelezo ya silaha yako hayafanani tena na yaliyoandikwa kwenye kibali, kwa hiyo nenda kwenye ofisi iliyokitoa kabla fundi hajawasha mashine, urudi na karatasi iliyorekebishwa mkononi.