Uzoefu wangu na programu ya kuiga joto la matairi ya mbio

Kabla ya kuhamia programu hii nilikuwa nikitegemea fomula ya Pacejka peke yake, ile ambayo hupewa mzigo, pembe ya gurudumu na kiasi cha mtelezo, kisha ikatoa nguvu ya mshiko. Tangu matoleo yake ya kwanza ya miaka ya 1980, fomula hiyo imesifiwa kwa kufuata vizuri vipimo vya maabara, lakini katika umbo lake la msingi haina joto ndani yake, hivyo tairi baridi linalotoka gereji na tairi lililopata moto kupita kiasi huhesabiwa kuwa sawa.

Programu ninayoitumia sasa hugawa tairi katika sehemu tatu: uso unaogusa lami, mwili wa mpira na nyuzi ulio chini yake, na hewa ya ndani. Joto huzalishwa na msuguano wa uso unaoteleza, na pia na mpira unaokunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Hupotea kwa upepo unaopita na kwa lami yenyewe. Kwenye grafu, uso huruka juu katika kona na kushuka mara gari linaponyooka, ilhali mwili wa ndani hupanda polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri jinsi dereva anayelazimisha mwendo mapema anavyoweza kuunguza uso huku ndani bado ni baridi. Programu yenye joto moja la wastani huficha jambo hilo kabisa, na kwangu hii ndiyo sababu kuu ya kuichagua hii.

Presha nayo huhesabiwa ipasavyo: tairi lililojazwa baa 1.4 kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi hukaribia baa 2 hewa yake ikifika nyuzi 90.

Ugumu uko kwenye takwimu za kuanzia. Watengenezaji wa matairi hawatoi kwa urahisi sifa za joto za mpira wao, na programu hujaza thamani zake bila kueleza zimetoka wapi. Nimelazimika kurekebisha uso kwa vihisi vya infraredi, ambavyo huona uso tu, na mwili wa ndani kwa kipimajoto cha sindano, kinachochomwa upande wa ndani, katikati na nje mara gari linaposimama. Kazi hiyo ni ndefu, lakini bila kuifanya grafu hizo nzuri hazina thamani.

Kasoro ninayotaka irekebishwe ni kwamba joto la breki linalopitia rimu halihesabiwi, kwa hiyo presha ya matairi ya mbele hutabiriwa kuwa chini kuliko ilivyo. Kwa sasa ninaisahihisha kwa mkono kila ninapopata vipimo vya gari lenyewe, na kwa kupanga presha ya kuanzia bado ninaiamini programu hii kuliko nyingine zote nilizowahi kutumia.