X-Men: Anza na 1975, Usianze na Toleo la Kwanza

Toleo la kwanza la The X-Men, gazeti la katuni la Marvel kuhusu mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, lilitoka 1963, na hadithi bado inaendelea. Anayetaka kuanza leo anakuta mamia ya matoleo, mifululizo kadhaa yenye jina moja, na washauri wasiokubaliana. Wengi humwelekeza toleo la 1, kwa hoja kwamba hadithi husomwa tangu mwanzo. Kwa X-Men ushauri huo huwakatisha tamaa wasomaji wengi kabla hawajafika kwenye utamu. Anza na Giant-Size X-Men toleo la 1, la 1975, kisha ingia toleo la 94 la mfululizo wenyewe na usonge mbele kwa mpangilio. Milango mingine ipo, na mitatu kati yake ni mizuri, ila kila mmoja unamdai msomaji kitu ambacho kiko huku nyuma.

Kwa nini si 1963? Matoleo ya 1 hadi 66 yana vijana watano, yaani Cyclops, Jean Grey, Beast, Angel na Iceman, wakifundishwa na Profesa Xavier. Kirby hakukaa muda mrefu, na baada yake hadithi nyingi ni za adui mmoja kwa toleo, kisha kwaheri. Kuna kurasa za kuvutia humo: Sentinels, yale maroboti ya kuwinda mutanti, wanatokea kwa mara ya kwanza toleo la 14, na michoro ya Neal Adams karibu na mwisho, kuanzia toleo la 56, bado inapendeza hadi leo. Lakini mauzo hayakuridhisha, na kuanzia toleo la 67 hadi la 93 gazeti lilikuwa likichapa upya hadithi za zamani. Hayo ni matoleo 27 yasiyo na kitu kipya. Anayepanda ngazi moja moja kutoka 1 anagonga ukuta hapo, na wengi hawarudi. Tena huhitaji kupanda: toleo la 138, la 1980, ni la kumbukumbu, ambamo Cyclops anapitia historia yote ya kundi tangu siku ya kwanza. Ukifika hapo utakuwa umepata muhtasari wa 1963 bila kupekua matoleo yale 66.

Giant-Size X-Men iliandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Kundi la zamani limetekwa kwenye kisiwa kiitwacho Krakoa, na Xavier anazunguka dunia akikusanya watu wa kwenda kuliokoa: Nightcrawler kutoka Ujerumani, Wolverine kutoka Kanada, Colossus kutoka Siberia, Storm kutoka Kenya, na wengine. Uzuri wa mlango huu ni kwamba wahusika hawajuani. Wanaelezana wao kwa wao, wanagombana, wanajifunza nani anaweza nini, na msomaji mgeni anajifunza pamoja nao. Kenya ya kwenye kurasa hizo ni ya kubuni, wenyeji wakimsujudia msichana anayeleta mvua. Ichukulie kama alama ya zama zake. Toleo la 102 linampa Storm maisha kamili zaidi: utoto wake Cairo, wazazi waliouawa, na chanzo cha hofu yake ya kufungiwa mahali padogo. Hofu hiyo itarudi tena na tena kwa miaka mingi.

Kosa la kawaida hapa ni kuikosa Giant-Size yenyewe. Haina namba ndani ya mfululizo mkuu, kwa hiyo anayefungua toleo la 94 moja kwa moja anakuta wageni wamejaa nyumbani na hajui wameingiaje. Hakikisha umeisoma kwanza.

Kuanzia 94 kalamu ilishikwa na Chris Claremont, na hakuiachia hadi 1991. Mwandishi mmoja, miaka takribani 16. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanzia hapa, kuliko hata ubora wa hadithi moja moja. Jambo linalotajwa kwa sentensi moja leo linaweza kuzaa tukio zito matoleo thelathini mbele, kwa sababu aliyelitaja bado yupo na analikumbuka. Toleo la 95 linakuonyesha mapema kwamba humu watu hufa. Toleo la 96 linamleta Moira MacTaggert, kwa sura ya mtumishi wa nyumbani tu. Mkumbuke jina.

Kuna mambo mawili yatakayokusumbua mwanzoni. La kwanza ni wingi wa maneno. Mfululizo ulikuwa ukitoka kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo mwandishi alilazimika kukumbusha kila mara: huyu ni nani, makucha yake yametengenezwa kwa nini, yule anapumuaje angani. Ukisoma matoleo sita kwa mkupuo, marudio hayo yanachosha. Soma mawili au matatu kwa kikao, kisha pumzika. Jambo la pili ni matoleo ya kuziba pengo, yaliyoingizwa pale kazi ya kawaida ilipochelewa. Toleo la 106 linakata katikati hadithi ya kusafiri angani inayotoka 105 kwenda 107. La 110 nalo ni hivyo hivyo. Ruka yote mawili, hutapungukiwa na kitu.

Mambo yanashika kasi toleo la 108, anapoingia John Byrne kama mchoraji, pamoja na Terry Austin aliyepitisha wino juu ya penseli zake. Kutoka hapo hadi 143 ndipo kilele cha mfululizo huu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa tahadhari. Kundi linagawanyika toleo la 114, kila upande ukiamini upande mwingine umekufa. Wanapokutana tena, toleo la 125 na kuendelea, Jean Grey ameanza kuona maono ya karne ya 18, kana kwamba anaishi maisha ya mtu mwingine. Hapo mbegu imeshapandwa.

Hadithi ya Dark Phoenix, inayomhusu Jean, huhesabiwa kuanzia 129 hadi 138, na watu wengi huuziwa kijitabu chenye matoleo hayo tu. Ukikisoma peke yake utaelewa kinachotokea, lakini hakitakuuma. Nguvu aliyonayo Jean inaanza matoleo ya 100 na 101. Alichokifanya kwa nguvu hiyo kwa wema kipo 107 na 108. Maono yanaanza 125. Ukiyakosa hayo, anayebadilika mbele yako ni mwanamke usiyemjua. Ukiyasoma, fremu ya mwisho ya toleo la 132 itakukamata vilivyo: wenzake wote wameshikwa, na Wolverine yuko chini ya jengo la Hellfire Club, kundi la maadui wao, ndani ya mtaro wa maji machafu, ameloa chapachapa, anatazama juu. Hadi wakati huo alikuwa mmoja tu kati ya kundi. Toleo la 133 linamwacha afanye kazi peke yake, na hakuwahi kurudi nyuma ya pazia tena.

Mwisho wa toleo la 137 ulibadilishwa kwa agizo la mhariri mkuu, Jim Shooter. Mwisho uliokusudiwa awali ulichapwa 1984 katika Phoenix: The Untold Story. Usome baada ya 137. Ukiusoma kabla umejinyima. Vilevile usisome dibaji wala maneno ya nyuma ya jalada ya kitabu chochote chenye matoleo haya, kwa maana huwa yanataja mwisho waziwazi.

Sasa vitabu vyenyewe. Kwa anayeanza, chaguo bora ni Epic Collection, mkusanyo wa vitabu vya jalada laini. Second Genesis ina Giant-Size na 94 hadi 110, Proteus ina 111 hadi 128, na The Fate of the Phoenix ina 129 hadi 143, pamoja na ule mwisho wa awali. Vitabu vitatu, na umemaliza matoleo 50 yaliyo muhimu kuliko yote. Angalia namba: Second Genesis imeandikwa 5, kwa sababu namba za Epic hufuata mpangilio wa hadithi tangu 1963, na vitabu hutolewa bila kufuata namba hizo. Usihangaike kutafuta 1 hadi 4 kwanza. Udhaifu wake ni kwamba kitabu kikiisha sokoni kinaweza kukaa muda mrefu kabla ya kuchapwa tena, kwa hiyo ukikuta kimoja wapo kinapatikana, kichukue hata kama bado hujakifikia.

Omnibus ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, karatasi nzuri, ukurasa mpana kuliko wa gazeti lenyewe. Kinafaa mezani tu, kwa uzito wake. Kasoro yake kubwa ni mkato: juzuu ya 1 inaishia toleo la 131, katikati kabisa ya Dark Phoenix, na juzuu ya 2 inaanza 132. Ukinunua ya kwanza peke yake utaachwa mlangoni. Masterworks, mkusanyo mwingine wa vitabu, nazo zinakata mahali hapo hapo. Kama unachukua mojawapo ya hizo, panga mapema kupata inayofuata.

Kusoma kwa usajili kwenye Marvel Unlimited ni njia rahisi ya kupata karibu kila kitu, na matoleo mapya huingia baada ya miezi kama mitatu. Kwenye tableti inapendeza. Kwenye simu, viputo vya Claremont vinalazimisha kusoma fremu moja moja, na michoro iliyotandazwa kurasa mbili inapotea nguvu. Hapo tatizo la majina ndilo huwaponza watu. X-Men toleo la 1 lipo la 1963, la 1991, la 2010, la 2013, la 2019, la 2021 na la 2024. Tazama mwaka kabla ya kubofya. La 1991, lililotoka na majalada matano na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 8, ndilo linalodanganya zaidi. Linaonekana kama mwanzo, kumbe ni mwisho: Claremont aliondoka baada ya matoleo matatu.

Ile milango mitatu mingine sasa. Ya 2001 ni New X-Men ya Grant Morrison, matoleo ya 114 hadi 154. Usitafute toleo la 1, kwani namba ziliendelea kutoka mfululizo wa 1991, na ile New X-Men inayoanzia 1 mwaka 2004 ni hadithi nyingine ya wanafunzi. Kisome kile cha mwaka, Annual 2001, baada ya 116 na kabla ya 117, kwa kuwa kinamtambulisha mhusika Xorn. Kimechapwa kwa upana, kwa hiyo kigeuze kitabu. Mchoraji Frank Quitely alichora sehemu tu, na baadhi ya matoleo ya wachoraji wengine yanaonyesha haraka. Mawazo lakini ni mapya kabisa.

Astonishing X-Men, 2004 hadi 2008, ya Joss Whedon na John Cassaday, ni matoleo 24 na moja la kufunga linaloitwa Giant-Size Astonishing X-Men. Mwandishi mmoja na mchoraji mmoja mwanzo hadi mwisho, jambo adimu siku hizi. Kwa asiye na muda, huu ndio mlango mfupi ulio salama. Hata hivyo chuki ya Kitty Pryde kwa Emma Frost inatoka moja kwa moja kwenye toleo la 129, ambako wote wawili wanaonekana kwa mara ya kwanza, na bila hilo maneno makali ya mwanzoni yanasikika kama ugomvi wa kawaida wa kazini.

House of X na Powers of X za Jonathan Hickman, 2019, ni matoleo sita kila moja, lakini ni hadithi moja. Ukimaliza sita za kwanza kabla ya kugusa sita za pili utaiharibu. Mpangilio ni huu: House 1, Powers 1, House 2, Powers 2, Powers 3, House 3, House 4, Powers 4, House 5, Powers 5, House 6, Powers 6. Kitabu kilichokusanya yote kinaufuata. Kurasa zenye michoro ya takwimu na maandishi madogo ni sehemu ya hadithi, usizipite. Ni kazi kubwa, na zama ilizozianzisha zilifungwa 2024. Lakini angalia msingi wake: kisiwa cha Krakoa na Moira MacTaggert. Aliyeanza 1975 anawajua wote wawili ndani ya matoleo manne ya kwanza.

Kama bado una shaka na Claremont, jaribu God Loves, Man Kills ya 1982, aliyoiandika akichorewa na Brent Anderson. Inajitosheleza, inamalizika kwa kikao kimoja, na inaonyesha wazi mfululizo huu unahusu nini: mhubiri anayegeuza hofu ya watu kuwa silaha. Isipokugusa, huenda X-Men si yako.

Ukishamaliza 143, unaweza kuendelea kwa urahisi hadi 209, na kituo kizuri njiani ni 175. Kuanzia 210, mwaka 1986, soma ukiwa na orodha mkononi. Hadithi ya Mutant Massacre inapita mifululizo kadhaa: Uncanny X-Men (jina la baadaye la mfululizo huu huu) 210 hadi 213, X-Factor 9 hadi 11, New Mutants 46, Thor 373 na 374, na Power Pack 27. Za lazima ni Uncanny na X-Factor. Thor inastahili, hizo nyingine ziache zikusubiri.